Udongo Uliochafuka: Jua Umechafuliwa na Nini Kabla ya Kuutibu

Kabla ya kununua chokaa, mboji au kitu chochote cha kusafishia udongo, tambua kwanza kilichouchafua. Kwa kazi ya shambani na kiwanjani, uchafu wa udongo una tabia tatu. Upo unaooza: dizeli, oili ya injini, kinyesi na baadhi ya viuatilifu. Huo humalizwa na vijidudu vya udongo vikipata hewa, unyevu na chakula. Upo unaosafiri na maji, kama chumvi za umwagiliaji na naitreti za mbolea. Huo huondolewa kwa maji, mradi yawe na pa kutokea. Na upo usiooza: risasi (metali iliyo ndani ya betri za magari), zebaki, shaba, aseniki, kadimiamu. Huo ukishaingia hauishi. Unachoweza ni kuufunga usipande kwenye mmea, kuufunika usifike kinywani mwa mtoto, au kuuchimba na kuupeleka panapostahili.

Ukikosea hapo, tiba inageuka madhara. Udongo wenye oili ukiumwagia maji mengi ili "uoshwe" unaisukuma oili kuelekea kisimani. Mbolea ya fosfeti husaidia kuifunga risasi, lakini kwenye udongo wenye aseniki huifungua aseniki ikapanda kwenye mazao. Chokaa huipunguza makali shaba, lakini udongo wa magadi, yaani wenye sodiamu nyingi, haupungukiwi na chokaa, una haja ya jasi (gypsum).

Uliza historia ya mahali

Maabara haipimi kila kitu kwa mpigo mmoja. Lazima uwaambie watafute nini, na jibu hilo linatoka kwa wazee na majirani. Uliza kama palikuwa na gereji, karakana ya betri, ghala la dawa za pamba au kahawa, jalala, mwalo wa kuchenjulia dhahabu, au josho la ng'ombe. Majosho ya zamani yasipuuzwe. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita dawa ya kupe ilikuwa aseniki, na iliyomwagwa pembeni ya josho enzi hizo bado iko pale pale. Watu hujenga na kulima bustani juu yake kwa sababu zege lilishavunjwa na nyasi zimeota.

Kisha tazama kwa macho. Ukoko mweupe juu ya ardhi baada ya kukauka ni chumvi. Doa jeusi linalonuka na ambalo maji huteleza juu yake bila kupenya ni mafuta. Kipande ambacho magugu yenyewe hayaoti kichunguzwe. Lakini risasi haina harufu wala rangi, na mchicha unaoota juu yake unaweza kuwa wa kijani kibichi na wa kuvutia. Usitegemee macho peke yake.

Kuchukua sampuli

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa sampuli mbaya hutoa jibu lisilo na maana hata maabara iwe nzuri namna gani.

1. Gawa eneo kwa historia yake. Sehemu ya gereji isichanganywe na sehemu ya bustani, la sivyo udongo safi utauficha ule mchafu.
2. Kwenye kila sehemu tembea kwa zigizaga na uchukue vijisehemu 15 hadi 20. Kwa mazao ya msimu chimba sentimita 0 hadi 20. Mahali watoto wanapocheza chukua sentimita 5 za juu tu, maana hizo ndizo zinazoshika mikono yao.
3. Tumia chepe safi na ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati lililopakwa zinki itachafua sampuli kwa zinki.
4. Changanya, ondoa mawe na mizizi, tandaza duara, igawe mara nne, tupa robo mbili zinazotazamana. Rudia hadi ibaki nusu kilo hivi.
5. Kausha kivulini juu ya karatasi safi, kisha funga na uandike tarehe, kina na jina la sehemu.

Sampuli ya mafuta, viuatilifu au zebaki isikaushwe, kwa sababu kinachotafutwa kitapaa na hewa. Ijaze kwenye chupa ya kioo hadi juu, funga vizuri, weka kwenye barafu na uifikishe maabara upesi. Tanzania, kwa rutuba, pH (kipimo cha uchachu wa udongo) na chumvi kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Kwa metali na sumu, Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya, maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, zipo Kabete. Daima omba pH ipimwe hata kama shida yako ni risasi au shaba, kwa sababu pH ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha metali kitapanda kwenye mmea.

Viuatilifu

Uchafuzi mwingi wa dawa hauanzii shambani. Unaanzia pale bomba la kupulizia dawa linapojazwa na kuoshwa, na pale chupa zinapotupwa: eneo la mita chache karibu na bomba la maji au kisima, linalopata matone kila wiki miaka nenda rudi. Rekebisha hapo kwanza.

Pima bomba lako la kupulizia. Weka alama ya mita 10 kwa 10, jaza maji matupu, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyotumika. Zidisha kwa 40 upate lita za ekari moja. Ukitumia lita 4, ekari inataka lita 160, yaani mabomba 8 ya lita 20. Lebo ikisema mililita 400 kwa ekari, kila bomba ni mililita 50, ipimwe kwa kikombe chenye mistari. Kifuniko cha chupa hakifai, kwa sababu vifuniko havilingani. Kama lebo inatoa kipimo kwa lita 20 za maji, fuata hicho, lakini bado jua mabomba mangapi yanaingia ekari moja. Nozeli ikianza kutoa zaidi ya asilimia 10 ya ilivyotoa ikiwa mpya, badilisha. Tundu limelika na unamwaga dawa usiyoijua.

Chupa ikiisha, isuuze papo hapo. Mimina maji robo ya chupa, funga, tikisa nusu dakika, mwaga ndani ya bomba la dawa. Fanya hivyo mara tatu. Kisha itoboe chini ili isitumiwe kuwekea mafuta ya kula au maji, na uirudishe kwa muuzaji au kituo cha kukusanyia. Kuichoma shambani hutoa moshi wenye sumu na huacha mabaki ardhini.

Kwa maji ya kuoshea bomba, tengeneza kitanda cha kuozesha dawa. Chimba shimo la sentimita 60, tandika chini sentimita 10 za udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha jaza mchanganyiko huu kwa ujazo: mabua au nyasi kavu zilizokatwakatwa sehemu 2, udongo wa juu sehemu 1, mboji iliyoiva sehemu 1. Acha mchanganyiko ukae wiki 6 hadi 8 kabla ya kuutumia, otesha nyasi juu, na jenga paa ili mvua isiujaze. Kuvu wanaoozesha mabua ndio wanaovunja dawa. Kitanda kikijaa maji hewa inakosekana na kazi inasimama. Kosa la kawaida ni kujenga bila paa, au kuacha mabua yazame bila kuongeza mengine kila mwaka. Vuna hapo nyasi tu, na zisilishwe mifugo.

Dawa za kizazi cha DDT, kiuatilifu cha zamani, ni jambo jingine, kwa kuwa huchukua miaka mingi mno kupungua. Vikuge, wilayani Kibaha, shehena ya viuatilifu iliyoletwa kama msaada mwaka 1986 iliwekwa kwenye banda la wazi, banda likaanguka, na mvua ikaisambaza. Udongo wa pale ulibaki na DDT nyingi kwa miongo iliyofuata. Ukigundua mahali pa namna hiyo usipalime, usipachimbe na usichunge hapo. Weka uzio, chimba mfereji wa kuzuia maji ya mvua yasipite juu yake, na utoe taarifa kwa mamlaka ya viuatilifu: TPHPA kwa Tanzania, PCPB kwa Kenya. Kama ni shamba lenye mabaki kidogo na huna budi kulima, epuka maboga na matango, kwani jamii hiyo hunyonya DDT kuliko mazao mengi, pamoja na karoti na viazi vinavyogusana na udongo moja kwa moja.

Oili na dizeli

Kinga ni rahisi kuliko tiba: sakafu ya zege yenye ukingo, karai chini ya injini, pipa lenye mfuniko la oili chafu, na gunia la maranda. Oili ikimwagika, funika kwa maranda mara moja, subiri yanywe, zoa pamoja na udongo uliolowa. Saa ya kwanza ina thamani kubwa, maana kadiri oili inavyozama ndivyo mzigo wa kuchimba unavyoongezeka.

Udongo uliokwisha kulowa unatibika hivi.

Chimba hadi pale harufu na weusi vinapokoma. Tandaza kwenye turubai la nailoni nene lililoinuliwa kingo, kwa unene wa sentimita 20 hadi 30. Vijidudu wapo tayari, walichokosa ni naitrojeni, fosforasi na hewa. Kipimo cha kazi ni kaboni 100, naitrojeni 10, fosforasi 1. Kwa mita moja ya ujazo ya udongo, yenye uzito wa kilo 1,300 hivi na oili asilimia 1, hiyo ni takriban kilo 2.2 za urea na nusu kilo ya mbolea ya DAP. Usimwage zote siku moja, zitawaunguza vijidudu kwa chumvi. Gawa mara tano, kila baada ya wiki mbili. Pindua kila wiki. Unyevu uwe hivi: ukikamata konzi na kuibana, inashikana na kulowesha kiganja bila kudondosha maji. Mvua ikija, funika.

Dizeli hupungua sana ndani ya miezi michache katika joto letu. Oili ya injini iliyotumika huchelewa zaidi, na hata ikioza huacha zinki na metali nyingine zilizokuwa ndani yake. Kwa hiyo udongo huo usirudishwe bustanini. Utumie kujazia chini ya sakafu au kingo za barabara, baada ya kupimwa. Kama oili imezidi asilimia 5, changanya kwanza na udongo usio na oili. Vijidudu hawawezi mzigo huo. Mambo matatu huharibu kazi hii kila mara: kutopindua, kuacha ikauke, na kumwagia oili mpya juu ya rundo linalotibiwa.

Risasi

Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kando ya makazi ya watu. Kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ya Kenya iliwapa haki tena Desemba 2024. Lakini hukumu haiiondoi risasi kwenye udongo, na watoto wameumia wakati wote huo. Risasi humdhuru mtoto ubongo bila kumlaza hoi, na hakuna kiwango ndani ya damu kinachojulikana kuwa salama. Kama familia inaishi karibu na mahali palipovunjwa betri, wapeleke watoto wa chini ya miaka 6 wakapimwe damu kabla hata hujashughulika na udongo.

Udongo usioguswa huwa na risasi chini ya miligramu 50 kwa kilo hivi. Marekani ilishusha kiwango chake cha tahadhari kwa makazi kutoka 400 hadi 200 mwaka 2024. Tumia 200 kama mstari wako pale watoto wanapocheza.

Ndani ya wiki ya kwanza: acha kufagia uwanja mkavu, nyunyizia maji kwanza. Viatu vibaki nje. Pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, kwani ufagio unarusha vumbi hewani. Mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula, kila mara.

Kisha funika. Tandaza kitambaa kinachopitisha maji au neti ya rangi kali, ili mchimbaji wa kesho ajue amefika wapi, na juu yake sentimita 20 hadi 30 za udongo safi uliooteshwa ukoka. Udongo wa juu bila ukoka huondoka na mvua mbili za masika, kisha uchafu uko wazi tena.

Kwa bustani, jenga vitalu vya kuinuka vyenye kimo cha sentimita 30 au zaidi na upana wa mita 1.2 ili usikanyage ndani. Usitumie mbao zilizopakwa rangi za zamani wala mataruma ya reli. Kama risasi ni kidogo na unalima ardhini hapo hapo, pandisha pH hadi 6.5 au 7 kwa chokaa ya kilimo, changanya mboji sentimita 3 hadi 5 ndani ya udongo wa juu, na panda nyanya, bamia, pilipili au mahindi badala ya mchicha, matembele na karoti. Majani yanabeba vumbi, mizizi inabeba udongo wenyewe. Sogea mita kadhaa mbali na ukuta wenye rangi inayobanduka. Mbolea ya fosfeti huibadilisha risasi kuwa madini magumu, lakini hakikisha aseniki imepimwa na haipo.

Shaba kwenye mashamba ya kahawa

Kilimanjaro na Kenya ya kati, dawa za shaba zimepuliziwa kahawa kwa vizazi dhidi ya kutu ya majani na chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa). Kila mpulizo unabaki kwenye sentimita 20 za juu. Mbuni wenye mizizi mirefu unavumilia, lakini maharage yaliyopandwa chini yake hudumaa, mizizi ikawa mifupi na minene, majani ya njano. Wengi huongeza mbolea, na haisaidii.

Pima pH. Ikiwa chini ya 5.5, weka chokaa na mboji, shaba ishikwe. Chokaa igawiwe misimu miwili au zaidi na kuchanganywa na udongo. Ukiiweka yote mara moja, mimea itakosa zinki na manganizi. Suluhisho la kudumu ni kupanda aina zinazostahimili magonjwa: chotara za taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, kwa Tanzania, Ruiru 11 na Batian kwa Kenya, ili mipulizo ipungue. Kwa kulinganisha, Umoja wa Ulaya unaruhusu kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, yaani kilo 4 kwa mwaka. Jumlisha shaba iliyomo kwenye mrututu (dawa ya shaba) wako wa mwaka uone uko wapi.

Zebaki na marudio

Kwa wachenjuaji wadogo wa Geita, Chunya au Migori, kosa kubwa kuliko yote ni kutia zebaki kwenye mwamba wote uliosagwa, ndani ya karasha, yaani kinu cha kusagia mawe. Zebaki nyingi inatoka na tope. Safisha mchanga kwanza kwenye mwalo na karai hadi ubaki mchanga mzito kidogo, ndipo zebaki iguse hapo tu, kama haikwepeki. Kuchoma kufanyike ndani ya ritoti, chombo kilichofungwa, inayoinasa zaidi ya asilimia 90 ya mvuke na kuirudisha itumike tena. Kamwe usichome jikoni wala uani.

Marudio, yaani mchanga na tope linalobaki baada ya kuchenjua, yaliyoguswa na zebaki yasipelekwe kwenye sianidi (kemikali ya kuyeyushia dhahabu) kabla zebaki haijaondolewa. Sianidi huiyeyusha zebaki, ikasafiri na maji hadi mashambani na mtoni. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi zenye uchimbaji huu kuchukua hatua za kuukomesha mtindo huo. Marudio yarundikwe mbali na mto, juu ya mfinyanzi, yakizungushiwa tuta. Majaruba ya mpunga yasichimbwe upande wa chini wa mteremko wa rundo hilo: ndani ya maji yasiyo na hewa zebaki hugeuka kuwa aina inayoingia kwa samaki na kwa binadamu kwa urahisi.

Chumvi

Maabara ikitoa upitishaji umeme zaidi ya 4 dS/m, una chumvi. Hakikisha mifereji ya kutoa maji inafanya kazi, kisha tuamisha maji mazuri: sentimita 15 za maji hupunguza takriban nusu ya chumvi kwenye sentimita 30 za juu, na sentimita 30 hupunguza asilimia 80 hivi. Bila mfereji wa kutolea, chumvi itarudi juu jua likiwaka.

Magadi ni kitu kingine. Weka bonge dogo kavu la udongo kwenye glasi ya maji ya mvua bila kutikisa. Maji yakiwa kama maziwa baada ya saa chache, na pH imezidi 8.5, weka jasi kwanza (Same, kule Makanya, inachimbwa), kisha ndipo uoshe. Ukiosha bila jasi, udongo utaziba kabisa.

Kinyesi, jalala na majivu

Mabaki ya choo yana mayai ya minyoo yanayoishi muda mrefu. Kwa joto la nyuzi 20 hadi 35 yafungie mwaka mzima bila kuongeza kipya, au yapikwe kwenye mboji moto: nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, rundo likipinduliwa mara 5 ili pembe za baridi ziingie katikati. Bila kipimajoto, chomeka nondo katikati kwa dakika kumi. Kama unaweza kuishika bila shida, bado.

Jivu la kuni ni mbolea nzuri. Jivu la takataka si mbolea. Lina metali za betri ndogo, rangi, waya na plastiki, na kulimwaga kwenye matuta ya mchicha ni kuzipanda metali hizo kwa mkono wako. Vivyo hivyo bustani za bondeni zinazomwagiliwa maji ya mito ya mjini kama Msimbazi: pima udongo na maji yote mawili, kwa sababu ukisafisha udongo huku maji ni yale yale, baada ya misimu michache unarudi ulikoanzia.

Kupima tena

Mafuta yapimwe kila baada ya miezi miwili hadi mitatu, chumvi kila mwisho wa msimu. Metali zisipimwe kutazamia zipungue, hazipungui. Pima pH kila mwaka, na pima mazao yenyewe: nusu kilo ya majani yaliyooshwa kama unavyoyaosha jikoni. Chukua sampuli sehemu zile zile, kina kile kile, mwezi ule ule wa mwaka, na maabara ile ile.